Kabla ya kuhesabu mapigo, pima kiwanja: historia ya handikapi katika mchezo wa gofu

Huku kwetu Kongo, mtu akitamka neno «handikapi», wengi wanafikiria kiti cha magurudumu, magongo, ama mtu aliyepoteza mguu vitani. Tulilipokea neno hilo kupitia Kifaransa, likabaki na maana ya ulemavu. Lakini halikuzaliwa hospitalini. Lilizaliwa mezani kwa watu waliokuwa wakibadilishana vitu, likapita kwenye mbio za farasi, kisha likafika kwenye gofu. Huko kwenye gofu lina maana nyingine kabisa: ni hesabu inayomwezesha mchezaji wa kawaida kushindana na aliyemzidi, na kila mmoja akaona haki imetendeka.

Gofu si mchezo wa wengi kwetu. Mjini Lubumbashi kuna makartie yanayoitwa Golf, na wakaaji wengi wa huko hawajawahi kushika fimbo ya mchezo huo. Makala haya hayana nia ya kumfundisha mtu kucheza. Yanaeleza jinsi watu walivyohangaika kwa zaidi ya miaka 300 kujibu swali ambalo kila familia iliyohama kwao inalijua vizuri: utawalinganishaje watu wawili ambao hawakusimama kwenye udongo mmoja?

Kwanza, mchezo wenyewe kwa kifupi. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu na fimbo kadhaa. Anaupiga mpira kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie kwenye shimo dogo lililo mbali, pengine mita 150, pengine mita 500. Akimaliza shimo la kwanza anaenda la pili, mpaka yatimie mashimo 18. Aliyetumia mapigo machache zaidi ndiye mshindi.

Tofauti na mpira wa miguu ni hii: viwanja vya mpira wa miguu vinafanana karibu kote duniani, lakini hakuna viwanja viwili vya gofu vinavyofanana. Kimoja kiko kando ya bahari na upepo mkali. Kingine kiko msituni. Kingine kina mabwawa na mashimo ya mchanga kila upande. Kwa hiyo mtu akikuambia «nimepiga mapigo 90», bado hujajua kama alicheza vizuri ama vibaya. Lazima umuulize: wapi?

Mkono ndani ya kofia

Katika karne ya 17, Waingereza walikuwa na mchezo wa kubadilishana mali. Wawili walitaka kubadilishana vitu, tuseme mmoja ana saa na mwingine ana koti. Walimchagua mtu wa tatu awe mwamuzi. Yeye alitazama vitu vyote viwili na kusema: koti hili lina thamani zaidi, basi mwenye saa aongeze kiasi fulani cha fedha. Wote watatu waliweka fedha kidogo ndani ya kofia. Kisha wale wawili waliingiza mikono kofiani na kuitoa pamoja, ili kuonyesha kama wamekubali uamuzi ama wameukataa.

Utamu wa mchezo ulikuwa hapa: wote wawili wakikubali, ama wote wawili wakikataa, mwamuzi ndiye aliyechukua fedha za kofiani. Wakitofautiana, alizichukua yule aliyekubali. Kwa hiyo mwamuzi hakupata faida kwa kumpendelea mmoja. Ilimfaa atafute bei ambayo pande zote mbili zingeiona kwa jicho moja. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mjini London aliyeandika habari zake za kila siku, aliutaja mchezo huo mwaka 1660. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa «mkono ndani ya kofia», na kwa kutamkwa haraka likawa handikapi.

Karne iliyofuata neno likaingia kwenye mbio za farasi. Farasi mwenye nguvu alibebeshwa uzito zaidi, ili yule dhaifu apate nafasi. Mwaka 1855 Admirali Henry John Rous alipewa kazi ya kupanga uzito huo katika mbio za Uingereza, na akawa maarufu kwa kupima umri na nguvu ya kila farasi. Baadaye, kutokana na wazo la mzigo aliobebeshwa mshindani, watu wakaanza kulitumia neno kwa mtu mwenye ulemavu. Ndiyo maana hiyo iliyotufikia sisi.

Waskoti na mapigo ya kupeana

Gofu kama tunavyoijua ilikulia Uskoti. Swali la usawa liliwasumbua wachezaji mapema sana. Mwaka 1687 Thomas Kincaid, kijana aliyekuwa akisomea udaktari mjini Edinburgh, aliandika kwenye daftari lake kuhusu gofu, na akajiuliza jambo ambalo bado ni gumu leo: mchezaji hodari akikutana na dhaifu, je, ni afadhali ampe mwenzake faida ndani ya mchezo ili walingane, ama wacheze bila faida yoyote lakini fedha za dau zisiwe sawa?

Waskoti wengi walichagua njia ya kwanza. Walikuwa na majina ya makubaliano hayo. Hodari angeweza kumpa mwenzake pigo moja la bure katika kila mashimo matatu, ama pigo moja katika kila mashimo mawili, ama pigo moja katika kila shimo. Haikuandikwa popote. Watu walijuana, walikutana kila wiki kwenye kiwanja kilekile, na walipatana kabla ya kuanza, kama wanawake sokoni wanavyopatana bei ya fungu la sombe.

Mfumo huo ulifanya kazi kwa sababu kila mtu alibaki nyumbani. Hata viwanja havikuwa na ukubwa mmoja. Kile cha St Andrews kilikuwa na mashimo 22 mpaka mwaka 1764, yalipopunguzwa kuwa 18. Kile cha Prestwick, ambako mashindano makubwa ya wazi yalianza mwaka 1860, kilikuwa na mashimo 12 tu. Shida ilianza reli ilipojengwa na watu wakaanza kusafiri. Mgeni alifika kiwanjani akisema «kwetu mimi napewa mapigo manane». Nani angejua kama manane ya kwao ni manane ya huku?

Para na zimwi

Hatua ya kwanza ya kutoka kwenye mapatano ilikuwa kupata alama ya kulinganishia. Mwaka 1870, kabla ya mashindano ya Prestwick, mwandishi wa gofu A. H. Doleman aliwauliza wachezaji wawili wa kulipwa, David Strath na James Anderson: mtu akicheza bila kosa lolote, atapata mapigo mangapi kwenye mashimo haya 12? Wakajibu: 49. Doleman akaiita hesabu hiyo «para», neno alilolichukua kwenye soko la hisa, ambako lilimaanisha bei ya kawaida ya hisa. Mizunguko mitatu ilikuwa 147. Tom Morris mdogo, kijana wa miaka 19, alishinda kwa mapigo 149. Kwa mara ya kwanza ilijulikana si tu kwamba alishinda, bali alikaribia ukamilifu kwa kiasi gani.

Miaka 20 baadaye likaja wazo jingine. Mwaka 1890 Hugh Rotherham wa Coventry alipendekeza kila shimo liwekewe idadi ya mapigo ambayo mchezaji mzuri angepata, ili mtu ashindane na hesabu hiyo badala ya kushindana na mwenzake. Wazo likafika Great Yarmouth. Wakati huo wimbo mmoja kuhusu zimwi la kutisha watoto ulikuwa unapendwa sana Uingereza. Mchezaji mmoja, Meja Charles Wellman, alipoona hawezi kuishinda ile hesabu, alisema mshindani huyu asiyeonekana ni zimwi kwelikweli. Jina la Kiingereza la zimwi hilo, «bogi», likabaki. Mwaka 1892, wanajeshi wa klabu ya Gosport walisema kila mwanachama wao lazima awe na cheo, basi wakampa zimwi cheo cha kanali.

Ni mzaha, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo zito. Sasa kiwanja chenyewe kilipewa hesabu yake, na mtu aliweza kupimwa kwayo hata akicheza peke yake. Ila tatizo moja lilibaki: kila klabu ilijiwekea bogi yake. Klabu yenye majivuno iliweka hesabu ngumu, na klabu nyingine ikaweka nyepesi. Namba hazikuweza kusafiri.

Wanawake walifika kabla ya wanaume

Mwaka 1893, wanawake wachezaji wa Uingereza waliunda chama chao, Umoja wa Gofu wa Wanawake. Katibu wake alikuwa Issette Pearson, mchezaji hodari aliyefika fainali ya mashindano ya kwanza ya wanawake mwaka huohuo, akashindwa na Lady Margaret Scott. Wakati huo wanaume wengi hawakuamini kwamba mwanamke ataweza hata kuinua fimbo mpaka juu ya bega. Katika vilabu vingi wanawake walipewa kijiwanja kidogo cha pembeni.

Pearson na wenzake walijiwekea kazi ambayo wanaume walikuwa wameshindwa kuifanya. Walitaka handikapi ya mwanamke mmoja iwe na maana ileile popote atakapokwenda. Ili kufanya hivyo hawakuiachia kila klabu ijipimie yenyewe. Kipimo cha kiwanja kilisimamiwa na Umoja, kwa kanuni moja kwa wote. Ndani ya miaka kama kumi, wanawake walikuwa na mfumo unaoaminika kutoka klabu moja hadi nyingine. Wanaume wa Uingereza walisubiri mpaka mwaka 1924 kuunda baraza la pamoja la kusimamia jambo hilo.

Kwa nini wanawake waliwahi? Walikuwa wageni katika mchezo wenyewe, wakichezea viwanja vya aina nyingi, vingine vidogo na vibaya. Aliyezaliwa ndani ya kiwanja kizuri haoni haja ya kukipima.

Marekani: kumpima kila mtu kwa bingwa

Ng'ambo ya bahari, Mmarekani Leighton Calkins alitengeneza mwaka 1905 njia ya kukadiria handikapi kwa wastani wa matokeo matatu bora ya mchezaji. Mwaka 1911 chama cha gofu cha Marekani kilikubali mfumo wa taifa zima. Lakini kiwanja kilipimwaje? Walimchukua bingwa mmoja, Jerome Travers, aliyekuwa ameshinda ubingwa wa nchi kwa wachezaji wasiolipwa mwaka 1907 na 1908. Wakauliza: Travers akicheza vizuri hapa, atapata mapigo mangapi? Jibu hilo ndilo lililokuwa kipimo cha kiwanja.

Ukisikiliza haraka, inaonekana ni haki. Bingwa ni mmoja na kanuni ni moja kwa nchi nzima. Kwa miaka zaidi ya 60, vipimo vya Marekani vilifuata wazo hilo: ugumu wa kiwanja ni ugumu anaouona mchezaji bora, yule anayeitwa mchezaji wa sifuri kwa sababu hahitaji pigo lolote la bure.

Kasoro yake ilionekana polepole. Tuchukue viwanja viwili. Katika vyote viwili, mchezaji wa sifuri anapata mapigo 71. Kwa kanuni ya zamani, viwanja hivi ni sawa. Lakini kiwanja cha pili kina bwawa mita 170 kutoka mahali pa kuanzia. Hodari halioni bwawa hilo. Mpira wake unaruka juu na kutua mbali. Mchezaji wa kawaida, ambaye mpira wake unafika mita 160 ama 180, anatumbukia humo mara kwa mara. Bwawa ni lilelile, lakini linamwadhibu mmoja tu.

Matokeo yake yalikuwa dhuluma ya kimya. Mchezaji wa kawaida aliyekulia kwenye kiwanja kigumu alipata handikapi kubwa. Akienda kucheza kwenye kiwanja chepesi, alishinda kila mtu, na wenyeji wakamwita mwizi, wakidhani alijifanya dhaifu ili apewe mapigo mengi. Yule wa kiwanja chepesi alionekana hodari kwao. Akienda kwenye kiwanja kigumu alifedheheka. Hakuna aliyedanganya. Kipimo ndicho kilichodanganya.

Mteremko wa mstari

Aliyetatua jambo hilo ni afisa wa jeshi la majini la Marekani, Dean Knuth. Miaka ya 1970, alipokuwa akisoma kwenye chuo cha jeshi hilo mjini Monterey, California, alianza kutafuta njia ya kupima kiwanja kwa macho mawili: jicho la hodari na jicho la mchezaji wa kawaida, yaani mtu ambaye handikapi yake ni karibu 20. Baadaye aliongoza idara ya handikapi ya chama cha gofu cha Marekani. Jimbo la Colorado lilijaribu mfumo wake mwaka 1982, na kuanzia mwaka 1987 ukaenea nchi nzima.

Wazo lenyewe halihitaji hesabu ngumu. Kila kiwanja kinapewa namba mbili. Ya kwanza ni mapigo ya hodari. Ya pili ni mapigo ya mchezaji wa kawaida. Turudi kwenye viwanja vyetu viwili. Katika vyote hodari anapata 71. Katika kile cha kwanza mchezaji wa kawaida anapata 92, tofauti ya 21. Katika cha pili anapata 97, tofauti ya 26. Kwa wanaume, tofauti hiyo inazidishwa kwa 5.381. Kiwanja cha kwanza kinapata 113, ambayo ndiyo namba ya kiwanja cha wastani. Cha pili kinapata 140. Namba hizi huenda kutoka 55 mpaka 155.

Kipimo hiki kinaitwa mteremko, lakini hakihusu mlima. Ukichora mstari kwenye karatasi, kutoka kwa wachezaji hodari hadi kwa dhaifu, utaona mapigo yanavyopanda. Kwenye kiwanja chepesi mstari unapanda taratibu. Kwenye kiwanja kigumu unapanda kwa ukali. Ukali wa mstari huo ndio unaopimwa: ni kwa kiasi gani mahali hapa panamwumiza mnyonge zaidi ya mwenye nguvu.

Tazama sasa namba zinavyogeuka. Mchezaji mmoja alipata 92 kwenye kiwanja cha wastani. Toa 71, inabaki 21. Mwenzake alipata 95 kwenye kiwanja kigumu. Toa 71, inabaki 24. Zidisha kwa 113, gawa kwa 140, unapata 19.4. Aliyepiga mapigo 95 amecheza vizuri zaidi kuliko aliyepiga 92. Bila kujua kiwanja, tungempa kombe mtu asiye wake.

Na watu wakikutana, hesabu inafanyika upande wa pili. Mwenye handikapi 20 akicheza kwenye kiwanja cha 113, anapewa mapigo 20. Akienda kwenye kile cha 140, anapewa 25. Mwenye handikapi 5 anapanda kutoka 5 hadi 6 tu. Kiwanja kigumu kinamwongezea mnyonge matano na hodari moja, kwa sababu ndivyo kilivyowaumiza.

Wapimaji wanaangalia nini

Kundi la wapimaji waliofunzwa linapita kiwanjani, shimo kwa shimo. Wanaanza na urefu. Lakini urefu wa kamba hautoshi, kwa hiyo wanaurekebisha: je, mpira unaviringika mbali ama ardhi ni laini? Njia inapanda ama inashuka? Kuna kona? Upepo unavumaje? Wanaangalia hata mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na mpira unaruka mbali zaidi. Kiwanja kilicho kwenye mwinuko kama wa Goma ama Bukavu, karibu mita 1,500, kingehesabiwa kifupi kuliko kamba inavyosema.

Baadaye wanaangalia vikwazo. Viko kumi, na kila kimoja kinapewa alama kutoka 0 mpaka 10, mara mbili: mara moja kwa hodari, mara moja kwa mchezaji wa kawaida. Wanaangalia ardhi anayosimamia mchezaji, upana wa njia ya majani mafupi, ukubwa wa shabaha, majani marefu na ugumu wa kujinasua humo, mashimo ya mchanga, vichaka na mipaka, maji, miti, na wepesi wa mpira kuteleza karibu na shimo. Cha kumi ni hofu. Ndiyo, hofu inahesabiwa. Vikwazo vikali vikirundikana kwenye kiwanja, alama huongezwa kwa ajili ya uzito unaomwelemea mchezaji akilini, hata kabla hajapiga.

Wapimaji hawakadirii kwa hisia tu. Wanajua kwamba hodari wa kiume anapiga mpira wa kwanza karibu mita 229, na mchezaji wa kawaida karibu mita 183. Kwa wanawake ni karibu mita 192 na mita 137. Wanakwenda kusimama mahali hapo hasa mpira unapotua, na kutazama mbele kwa macho ya yule anayepimwa. Kiwanja hakipimwi mara moja milele pia. Miti inakua, mabwawa yanachimbwa, kwa hiyo lazima kipimwe upya angalau kila miaka kumi.

Mfumo mmoja wa dunia

Hata baada ya hapo, dunia ilibaki na mifumo sita mikubwa: wa Marekani, wa Uingereza na Ireland, wa Ulaya, wa Australia, wa Afrika Kusini na wa Argentina. Mwaka 2020 iliunganishwa kuwa mmoja. Leo matokeo 20 ya mwisho ya mchezaji yanakusanywa, manane bora yanachukuliwa, na wastani wake ndio handikapi yake. Kikomo cha juu ni 54, kwa wanaume na wanawake.

Kwa nini manane bora na si yote 20? Kwa sababu handikapi inataka kuonyesha mtu anaweza nini, na siku zake mbaya zisimfafanue. Pia inamzuia mjanja. Anayecheza vibaya kwa makusudi ili apewe mapigo ya bure hapati faida upesi, maana matokeo mabaya yanaachwa nje. Hata shimo moja likimharibikia mtu kabisa, kuna kikomo cha mapigo yanayoandikwa, ili ajali moja isifute kazi ya siku nzima.

Na kuna kanuni nyingine ambayo watu wa huku wataielewa bila maelezo marefu. Matokeo ya watu wote waliocheza siku hiyo kwenye kiwanja hicho yanalinganishwa. Ikiwa karibu wote wamecheza vibaya kuliko kawaida yao, mfumo unaelewa kwamba hali ya siku ilikuwa mbaya, mvua ama upepo, na unawarekebishia hesabu wote. Hausemi kwamba watu wote wamekuwa wazembe siku moja.

Pale ambapo kipimo hakikufika

Tusipambe mambo. Mchezo huu uliotafuta usawa kwa uangalifu namna hiyo ndani ya uzio uliwaacha wengi nje ya uzio. Katika Afrika ya ukoloni, vilabu vya gofu vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia kubeba fimbo ama kukata majani. Huko Marekani, chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na kifungu kilichowakubali watu weupe tu, kilichowekwa mwaka 1934 na kuondolewa mwaka 1961.

Afrika Kusini alikuwepo Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, mtu wa asili ya Kihindi aliyeanza kama mbeba fimbo na kujifunza kupiga mpira kwa kushika fimbo kinyume cha wengine wote. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959. Mwaka 1963 alishinda yale ya Natal, mjini Durban, mbele ya wachezaji weupe. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia kwenye jengo la klabu. Kombe alipewa nje, mvua ikinyesha, huku wengine wakiwa ndani. Mapigo yake yalihesabiwa sawa na ya wenzake, lakini kwake jengo lilibaki limefungwa.

Kwa hiyo kipimo kizuri hakitoshi. Mtu lazima kwanza aruhusiwe kuingia kiwanjani.

Tunachoweza kubeba

Familia nyingi zinazosoma ama kusikiliza makala haya zimeacha shamba, nyumba na shule. Watoto wao wanakaa darasa moja na watoto ambao hawajawahi kulala njiani. Mwisho wa mwaka, wote wanapewa karatasi yenye asilimia. Mmoja ana 70, mwingine ana 55, na jirani anasema huyu wa 55 hana akili.

Historia ya handikapi haimwambii mwalimu abadilishe alama. Pigo lililopigwa limepigwa, na hakuna mchezaji wa gofu anayefuta mapigo yake. Lakini kabla ya kutoa hukumu kuhusu mtu, inatutaka tuulize namba ya pili: alichezea wapi? Alibadilisha shule mara ngapi mwaka huu? Alisomea kwa taa gani usiku? Alikosa masomo kwa miezi mingapi?

Tena, yale ambayo Knuth alionyesha kwa hesabu, kina mama kwenye saiti za wakimbizi wanayaona kila siku. Mahali pagumu hapamwumizi kila mtu kwa kipimo kimoja. Mtoto mwepesi wa kushika masomo atapita hata bila daftari. Yule wa kawaida, ambaye kwao angefaulu bila shida, ndiye anayezama. Kwa kumtazama yule mwepesi peke yake tutasema saiti haina shida, kama Wamarekani walivyosema juu ya bwawa la mita 170 kwa miaka zaidi ya 60.

Jambo la mwisho ni hili. Katika gofu, handikapi hairithiwi wala haigandi. Mchezaji akiimarika, inashuka. Akihamia kiwanja kingine, inahesabiwa upya. Aliyepewa mapigo 25 mwaka huu anaweza kupewa 12 mwaka ujao, na hakuna atakayemkumbusha aibu ya zamani. Anayempima mkimbizi leo na afanye hivyohivyo: aandike matokeo, aandike na ugumu wa mahali, kisha arudi kumpima tena.